Faili za Tonton Faustin na Databesi ya Kaka Idrisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kofia, nikaikataa kwa kutikisa kichwa, nikapewa tena. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Ilikuwa Jumamosi, mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa hapa nchini, na nilikuwa nimevaa sketi ya shule kwa sababu mama alisema kazi ya kompyuta ni kazi ya heshima. Kofia yenyewe ilikuwa makarapa, ile kofia ngumu ya plastiki ya mashabiki wa mpira, ya manjano, imechongwa pembe mbili juu kama ng'ombe. Ilining'inia kwenye msumari karibu na seva. Sikuelewa inahusiana vipi na kompyuta, na sikuwa mtu wa kuuliza.

Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa, hasa wewe Furaha, utakayekaa kwenye kiti changu kuanzia Januari. Najua mimi si mzee. Ila kazi niliyoifanya imezeeka haraka kuliko mimi, na mkiniuliza ana kwa ana nitaangalia viatu tu. Kwa hiyo nimepitia shajara zangu za miaka yote ile, nikatoa yanayohusu kazi, nikaacha mengine.

Duka letu lilikuwa katikati ya mji, kati ya saluni ambamo mama alisuka watu nywele na kijana aliyetengeneza simu. Mbele kulikuwa na vibanda vya kupiga simu nyumbani na safu mbili za kompyuta. Nyuma ya pazia ilikaa seva. Seva ni kompyuta ambayo hakuna mteja anayekaa mbele yake. Kazi yake ni kukumbuka mambo kwa niaba ya kompyuta nyingine. Inakumbuka nani ana ruhusa ya kuingia, neno lake la siri ni lipi, makaratasi yake yamewekwa kwenye folda gani, printa iko wapi. Wateja wengi walikuwa watu wetu kutoka Kongo. Walikuja kuskani karatasi zao za ukimbizi, kuandika barua za kuomba kazi katika viwanda vya Jacobs na maghala ya Mobeni, na kuziweka pale kwetu kwa sababu nyumbani hawakuwa na pa kuziweka.

Mwenye duka tulimwita Patron. Alitoka Uvira, alianza kwa kuuza kadi za simu kando ya robot, yaani taa za barabarani, na hakupenda kukumbushwa. Aliniajiri kwa kumuuliza mama, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo.

"Mutoto huyu anaongeaka?"

"Kidogo sana, Patron."

"Bon. Nataka mutu ya kuandika. Ya kuongea niko nabo wengi."

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Tonton Faustin, fundi wa seva. Hakuwa mjomba wangu wa damu. Tonton ni vile tunavyomwita mwanaume wa rika la baba anayestahili heshima. Kabla ya kazi hii alilinda magari kwa miaka mingi kwenye maegesho ya ufukweni, jua na mvua, akisubiri dereva amkumbuke kwa chenji. Kompyuta alijifunza kwa kununua zilizokufa na kuzifufua. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani ndiyo maana tulielewana.

Alinionyesha faili siku ile ile. Kila ilichokijua seva, Tonton alikiweka katika faili za maandishi matupu. Maana yake ni faili ambayo ndani yake hamna kitu isipokuwa herufi: hakuna rangi, hakuna picha, hakuna siri. Faili ya wateja ilikuwa hivi: kila mtu ana mstari wake, na katika mstari kila habari imetengwa na inayofuata kwa nukta mbili. Jina, nukta mbili, namba ya simu, nukta mbili, folda, nukta mbili, ruhusa. Faili ya printa ilikuwa mistari michache. Faili ya mtandao, vivyo hivyo. Ukitaka kubadilisha kitu unafungua, unaandika, unahifadhi, unafunga. Ukitaka kumwandikia humo binadamu mwenzako jambo, unaanza mstari na alama ya reli (#), na seva inauruka. Faili za Tonton zilijaa mistari ya namna hiyo. *Printa hii inakwamisha karatasi nene. Huyu mama amebadilisha jina baada ya ndoa. Usiguse hapa bila kuniita.*

"Hii faili," aliniambia, "naifungulaka na kompyuta yoyote. Hata ile ya kutupa. Siku mimi sipo, weye unasoma na macho yako tu."

Kisha akaeleza kofia. Faili ya maandishi ina udhaifu mmoja mkubwa: haijui kama imefunguliwa na wangapi. Mimi nikiifungua mbele na wewe ukaifungua nyuma, kila mmoja anashika nakala yake. Nikiongeza mteja nikahifadhi, kisha wewe ukaongeza wako ukahifadhi, nakala yako inafunika yangu na mteja wangu anapotea kama hakuwahi kuandikishwa. Hakuna anayekuonya. Kwa hiyo Tonton aliweka sheria: anayefungua faili ya wateja anavaa makarapa. Asiyeiona msumarini anajua faili ina mtu. Aliyeivaa akimaliza, anaifunga faili na kuirudisha kofia.

Hebu fikiria msichana asiyeweza kuagiza chipsi bila kurudia maneno kichwani kwanza, anakaa mbele ya duka lililojaa watu akiwa na pembe. Wavulana wa shule walinipiga picha. Bibi mmoja aliniuliza kama tumeshinda. Nilivaa tu. Kwa vile nilitaka sana kuivua, nikawa mwepesi kuliko wote kuandikisha wateja, na Tonton akadhani nina kipaji.

Mfumo ule ulifanya kazi vizuri kwa mwaka na zaidi. Kila jioni Tonton alinakili faili zote kwenye flashi na kuziweka jina la siku hiyo, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha tarehe, ili zijipange zenyewe. Alinifundisha hilo kabla ya jambo lingine lolote. Asiyejua kutunza nakala, alisema, asiguse kitu cha mtu.

Kilichouvunja mfumo ni cheo. Patron hakuvaa kofia. Wengine wote tulivaa, hata mke wake alipokuja kusaidia, lakini Patron alikuwa Patron. Jumamosi moja wakati wa kuomba nafasi za shule, foleni ikiwa imefika barabarani, alifungua faili ya wateja asubuhi kwenye kompyuta ya kaunta ili atafute namba ya mtu, akaiacha wazi. Siku nzima mimi na Tonton tulipokezana makarapa na kuandikisha watu. Jioni Patron akaongeza rafiki yake mmoja, akahifadhi. Watu wote wa siku ile wakafutika. Folda zao zilikuwepo, zenye vyeti na karatasi ndani, ila hakukuwa na mstari wa kusema hii ni ya nani. Nakala ya mwisho kwenye flashi ilikuwa ya Ijumaa.

Tulichukua wiki nzima kuzifungua folda na kukisia wenyewe. Patron alisimama nyuma yetu.

"Hii ni faili ya namna gani? Mutu mumoja anaifuta yote?"

"Patron," Tonton alisema taratibu, "kofia ilikuwa kwa kichwa ya mutoto."

"Mimi sivaake kofia ya mupira ndani ya duka yangu."

Tonton akafungua folda iliyofuata.

Mwezi uliofuata akaja Kaka Idrisa. Alitoka Dar es Salaam, alikuwa anamaliza diploma ya kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini, shati limepigwa pasi, na alimsalimia kila mtu mzima shikamoo mpaka wateja wa Kikongo wakawa wanacheka. Patron alimtambulisha kwa jina la Mkuu wa Mfumo. Halafu, bila kupunguza sauti, akasema kodi ya duka inapanda, kwamba mwisho wa mwaka atabaki na fundi mmoja, na atakayebaki ni yule ambaye mfumo wake utamlaza yeye Patron usingizi.

Tonton aliendelea kufuta vumbi kwenye kibodi. Sote tulijua maana yake. Kaka Idrisa akikosa kazi, ana diploma. Tonton akikosa, anarudi kwenye maegesho, na mgongo wake haukuwa tena ule wa zamani.

Kaka Idrisa alileta databesi. Vitabuni inaitwa hifadhidata; dukani hakuna aliyewahi kutamka hivyo. Alitukalisha nyuma ya pazia na kutueleza, na lazima nikiri alieleza vizuri.

"Fikirieni databesi ni karani aliyekaa mlangoni," alisema. "Daftari analo yeye. Hakuna anayeligusa. Unamwambia, 'Karani, niandikie mteja huyu,' anaandika. Mkija wawili kwa pamoja, mmoja anasubiri nje. Hamhitaji kofia."

"Na karani akigonjwa?" Tonton aliuliza.

"Kuna nakala, Mzee Faustin."

"Nakala inasomwa na nani?"

"Na karani."

"Voilà, ni iyo," Tonton alisema, akanywa chai yake.

Kaka Idrisa alicheka, hakukasirika. "Mzee, faili yako nayo ina matatizo. Nimeipitia. Kuna watu wameandikwa mara mbili, mara tatu. Mmoja leo ni Kalala Mwamba Jean, kesho ni Jean Kalala. Databesi haikubali hivyo. Kila mtu lazima awe na kitu kimoja cha kumtambulisha ambacho mwingine hana. Kinaitwa ufunguo."

Ni kweli watu walikuwa wameandikwa mara mbili. Faili ya maandishi inakubali chochote unachoipa. Sisi Wakongo tuna jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, na kila ofisi inayapanga inavyotaka, kwa hiyo mtu mwenyewe hajui leo aanze na lipi.

Kaka Idrisa alimuuliza Patron ufunguo uwe nini. Patron, mwenye simu tatu mfukoni, akasema namba ya simu. Ilionekana jibu la busara. Kwao Dar es Salaam, Kaka Idrisa aliniambia baadaye, hata mtoto wa sekondari ana laini mbili.

Kazi ya kuhamisha wateja kutoka kwenye faili kuingia kwenye databesi ilifanyika katikati ya wiki, mimi nikiwa shuleni. Nilikuta imeisha. Makarapa ilikuwa imeshushwa msumarini, mtoto wa Patron anaichezea. Kompyuta za mbele zilikuwa na ukurasa mpya wa kuingilia: unaandika namba yako ya simu na neno la siri, folda yako inafunguka. Kwa siku chache nilifurahi. Nilikaa kaunta nikiwa na kichwa changu cha kawaida.

Jumamosi iliyofuata aliingia Mama Noella, anayeuza vitumbua na maandazi karibu na kituo cha taxi, mwanamke wa kanisani kwetu, mkubwa wa mwili na wa sauti. Aliandika namba yake. Neno lake la siri likakataliwa. Kaka Idrisa akamwekea jipya kwa upole. Mama Noella akaingia, akafungua barua ya kwanza aliyoiona, akaanza kuisoma taratibu kwa midomo, kisha kwa sauti.

"'Mchungaji, nakusalimu katika jina la Bwana. Nakuomba uongee na Mama Noella. Kila alfajiri anaomba sawa mutu anagombana na Mungu. Mimi natoka kazi ya usiku Jacobs, silale...'" Akageuka na kiti chake. "Nani aliandika hii? Ni Héritier. Héritier anakula kwa sufuria yangu."

Héritier alikuwa kijana aliyepanga kitanda katika fleti ya Mama Noella. Kwa bahati mbaya alikuwa kibandani akipiga simu kwao. Alitoka akiwa bado ameshika mkono wa simu, kamba imevutika.

"Mama, iyo barua sikuituma."

"Hukutuma. Lakini uliiandika vizuri. Hata jina ya Bwana uliweka mbele."

Duka lote lilicheka, na Mama Noella mwenyewe mwishowe alicheka, ingawa Héritier alikula mikate mikavu wiki nzima. Tungeishia kucheka. Lakini alasiri ile ile baba mmoja mtulivu aliandika namba yake na kufunguliwa folda ya jirani yake wa fleti moja, na ndani yake yalikuwa maelezo ambayo jirani yule aliyaandika kwa ajili ya ofisi ya wakimbizi: yaliyowapata mkewe na watoto wake njiani. Baba yule alisoma mstari mmoja, akafunga, akaja kaunta. Alizungumza nami kwa sababu ndimi niliyekuwepo.

"Binti, mmenionyesha kitu sikupaswa kuona. Sasa nitamwangaliaje?"

Nilikwenda nyuma ya pazia kumwita Kaka Idrisa.

Sababu yenyewe ilikuwa rahisi, na kila Mkongo wa mji huu angeijua. Sheria ya kuandikisha laini za simu ilipokuja, watu wetu wengi walirudishwa madukani kwa sababu ya karatasi zao. Basi katika fleti moja akipatikana mmoja aliyekubaliwa kuandikisha laini, laini ile inakuwa ya wote. Tunaiita namba ya nyumba. Ukitakiwa namba popote, shuleni, kazini, kwa daktari, unatoa namba ya nyumba, na atakayepokea atakuita. Kwa hiyo katika faili ya Tonton watu wanne au watano walikuwa na namba moja, kila mmoja na mstari wake, na faili haikuona ubaya wowote. Databesi iliona. Iligoma, ikasema ufunguo huu umeshatumika. Kaka Idrisa, akijua kwamba faili ile ina watu walioandikwa mara mbili na majina yao yanabadilika mpangilio, akadhani hawa nao ni mtu yule yule. Akaiamuru iwaunganishe.

Patron alifunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo sijaliona tena. Tulikuwa wanne nyuma ya pazia. Mimi nilikaa kwenye kibodi kwa sababu ndimi niliyekuwa nasoma kioo kwa haraka.

Kaka Idrisa ndiye aliyeanza. "Kosa ni langu, Patron. Niliona majina tofauti nikajipa jibu mwenyewe. Nilipaswa kuuliza."

"Ulipaswa kuuliza," Patron alisema.

Kaka Idrisa akamgeukia Tonton. "Mzee, siku ile nahamisha ulikuwa umekaa kiti hicho hicho. Orodha ya waliogoma ilipita hapo kwenye kioo. Ulijua?"

Tonton alikunja kitambaa chake cha kufutia vumbi, akakikunja tena.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza." Akakiweka kitambaa juu ya seva. "Na nilitaka Patron aone."

"Nione nini?" Patron aliuliza.

"Uone kama faili ilikuwa nzuri."

Patron alikaa juu ya boksi la karatasi. Hakupaza sauti. "Faili ilikuwa nzuri, Faustin. Kosa ya ile Jumamosi ilikuwa ya mimi, na wote hapa munajua. Lakini ule baba si kitu ya kunifundishia mimi. Si ubao."

Tonton alikubali kwa kichwa. Kisha akavuta kiti, akatoa flashi mfukoni mwa shati, na saa zote zilizobaki tukafanya kazi. Alikuwa na nakala ya faili ya usiku wa kabla ya kuhama. Yeye alisoma mistari, mimi niliandika, Kaka Idrisa aliitenganisha databesi mtu mmoja mmoja na kuwapa kila mmoja namba mpya ambayo mashine iliitoa yenyewe, isiyohusiana na simu wala jina. Tonton alizijua nyumba zote. "Huyu na huyu ni ndugu, lakini majina haifanane. Huyu alihama Mobeni. Hawa usiwaunganishe, ni mapacha." Tukamaliza kabla ya saluni kufunga. Sijawahi kuona watu wawili wakifanya kazi kwa kuelewana vile. Nilipokuwa nazima kompyuta za mbele nilijiambia kwamba Patron amejionea mwenyewe, atawabakiza wote wawili.

Mwisho wa mwaka Patron alimbakiza Kaka Idrisa. Alinieleza yeye mwenyewe, labda kwa sababu alijua sitabisha. Alikuwa anahesabu kadi za simu.

"Ningemuweka kwa ajili ya faili yake," alisema. "Nimemutoa kwa ajili ya mudomo yake, alivyoifunga. Weye unasema nini?"

Nilikuwa na sentensi tayari, nilikuwa nimeirudia tangu asubuhi. "Wabaki wote, Patron."

"Na mushahara ya nani?"

Sikuwa na sentensi ya pili. Tonton alimshika kila mtu mkono, akamkabidhi Kaka Idrisa flashi, na akaondoka.

Nilibaki dukani miaka iliyofuata, chini ya Kaka Idrisa. Alikuwa mkubwa mzuri, na sitamsema vibaya kwa ajili ya kumsifu mwingine. Wateja walikaa kwenye databesi. Mipangilio ya seva yenyewe, yaani printa, mtandao, saa za kuzima, aliiacha katika faili za maandishi, pamoja na mistari ya Tonton yenye alama ya reli. Na kila jioni, bila kuambiwa na mtu, aliiamuru databesi imwage kila ilichonacho katika faili moja ya maandishi matupu, mtu na mstari wake. Akanikabidhi mimi kazi ya kuipa jina. Mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha tarehe.

Halafu mgao wa umeme ukarudi. Ninyi mnaukumbuka: ratiba ilisema hivi, umeme ukafanya vile. Databesi haipendi kukatwa katikati ya kuandika. Siku moja umeme uliondoka tukiwa na watu kwenye kila kiti, na uliporudi karani wa Kaka Idrisa hakuamka. Alijaribu njia zote alizofundishwa chuoni. Mwishowe akaweka mikono kichwani.

"Eish. Leta ile ya jana, mdogo wangu."

Nikaifungua kwenye kompyuta ya kaunta, ile mbovu kuliko zote. Watu wetu wote walikuwemo, ila wachache wa siku ile, na hao tuliwakumbuka kwa sura. Kaka Idrisa alijenga databesi mpya kutokana nayo. Alipomaliza alisema tu, "Mzee angetuambia *voilà*," tukaendelea na kazi.

Mwaka huu nimemaliza Matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, na ninastaafu. Kaka Idrisa ananicheka nikitumia neno hilo, lakini sioni lingine. Duka limebaki na safu moja ya kompyuta, kwa sababu kila mtu ana simu ya kugusa na bando lake, hata Héritier, ambaye siku hizi ana chumba chake. Furaha, watakuuliza kipi ni bora, faili au databesi, hasa vijana wa kanisani wanaosoma IT. Wajibu hivi. Vitu vinavyobadilishwa na watu wengi kwa wakati mmoja, mpe karani. Vitu vinavyobadilika mara chache, na ambavyo utahitaji kuvisoma siku kila kitu kimeharibika, viandike kwa herufi tupu. Na karani naye alazimishwe kuandika kwa herufi tupu kila jioni. Hilo ndilo ninalolijua kuhusu mashine. Kuhusu watu waliokaa karibu na mashine ninajua kidogo zaidi, na hicho hakijanisaidia kuongea.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilishuka ufukweni. Nilikuwa najua Tonton analinda maegesho gani, sikuwahi kwenda. Alikuwa amevaa kizibao cha kung'aa na kofia ya kitambaa, amepungua. Alinitambua kabla sijafika.

"Mutoto ya makarapa."

"Shikamoo, Tonton."

"Marahaba. Sasa weye ni Mutanzania?"

Nilimweleza habari za duka, kwa kuwa sikujua kuzungumza habari nyingine. Nilimweleza umeme ulivyokatika na tulivyojenga upya kutoka kwenye maandishi. Alisikiliza macho yakiwa kwenye magari.

"Ilisomeka yote?"

"Yote, Tonton."

"Na wanaingiaka na nini sasa?"

"Na ile namba inayotolewa na mashine. Ile ya siku ile."

"Iyo ni nzuri," alisema. "Iyo ni nzuri kuliko yangu." Akaegemea nguzo ya taa kupumzisha mgongo. "Unajua, ilikuwa maneno matatu tu. *Namba ya nyumba.* Yule kijana ana akili, angeelewa hapo hapo. Nilikuwa nayo mudomoni na chai."

Sikujua la kusema, na kwa mara ya kwanza haikunisumbua, maana yeye naye hakungoja jibu. Mama mmoja alikuwa anarudisha gari nyuma, hakuona pikipiki iliyoegeshwa nyuma yake. Tonton alikwisha kuondoka kwenye nguzo, mkono juu, anatembea kinyumenyume mbele ya taa za nyuma za gari.

"Woza, mama, woza, woza," alipiga kelele akimwita aje. "Stop. Stop hapo. Iko kitu nyuma."

Ilikuwa sauti kubwa, ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Miaka yote dukani sikuwahi kuisikia.